Jemadari na Alama ya Chaki

Likizo ile, kila mchana baada ya kuosha vyombo, mtoto wa fundi aliua watu wasiopungua arobaini. Aliwaua akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa jikoni, kwa vidole gumba viwili. Simu ilikuwa ya zamani na kioo chake kilipasuka pembeni, lakini damu iliyoruka humo ndani ilionekana vizuri tu.

Ndani ya simu hakuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu mwenye magoti yaliyochubuka. Alikuwa Jemadari, mwenye mabega mapana na upanga uliomzidi kimo. Aliyakata majitu miguu, akayatoboa mazimwi macho, akawatupa maadui kutoka juu ya ngome mmoja baada ya mwingine. Jina hilo alilipenda hata akalipeleka shuleni. Wenzake walilipokea kwa furaha, maana si kila darasa lina jemadari anayelia akichomwa sindano.

Jemadari alisafiri na binti mmoja mpiga mishale. Kando ya uso wa binti palichorwa chupa ndogo, na chupa hiyo ndiyo moyo wake. Binti akisema neno, mchezo wote ulisimama, majibu matatu yakajitokeza, nawe ukachagua kwa raha zako. Ukipatia, chupa ilijaa kidogo. Ukimuua adui mbele yake, ilijaa zaidi. Ukikosea, hakuna hasara: ulirudi pale ulipohifadhi mchezo, ukachagua upya. Juzi tu Jemadari alikuwa amemtegea shimo la mikuki mwanamfalme aliyempenda binti yule. Mwanamfalme alitumbukia, akapiga ukelele mmoja, na chupa ikajaa pomoni.

"Wewe!" sauti ya mama yake ilivuka ua. "Hizo sahani unaziosha au unazifinyanga?"

"Nakuja, mama!"

Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Karakana yake ilikuwa banda la bati lenye tanuri dogo, fuawe ya kupondea vyuma, meza ya chuma na mageti yaliyoegemea ukuta yakisubiri wenyewe. Likizo ile alikuwa akitengeneza rafu ya vitabu ya darasa la mwanawe, na wanafunzi watatu walimsaidia kazi ndogondogo. Wa kwanza alikuwa Jemadari. Wa pili alikuwa Tindo, mvulana mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye akianza kazi haiachi mpaka iishe. Wa tatu alikuwa binti wa mshonaji, ambaye duka la baba yake lilitazamana na karakana. Huyo ndiye aliyepaka rangi, na mstari wake haukupinda hata kidogo.

Karakana ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Kipande chochote kikitoka motoni, kabla hakijaachwa mezani, kilichorwa alama ya mkasi, mistari miwili iliyokatana, kwa chaki nyeupe. Kikishapoa, Fundi mwenyewe ndiye aliyeifuta.

"Chuma chekundu hakimdanganyi mtu," Fundi aliwaambia siku ya kwanza. "Kila mwenye macho anakikimbia. Hiki kilichorudia weusi wake ndicho muuaji. Kinafanana na chuma baridi, lakini kitakutoa nyama mpaka mfupa. Kwa hiyo humu ndani hatuamini macho. Tunaamini chaki. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Fundi."

Siku ile alipoitwa, Jemadari aliingia karakana akiwa amevimba kichwa kwa ushindi wa mchana. Alimkuta binti wa mshonaji akicheka na Tindo kwa sababu ya tone la rangi lililomdondokea Tindo puani. Kile kicheko kilimkata maini. Akakumbuka jibu lililokuwa likijaza chupa kila mara, akatanua kifua.

"Usiogope, binti," akasema kwa sauti nzito. "Mimi nitakulinda."

Binti wa mshonaji alimtazama, brashi mkononi. "Unilinde na nani? Na kopo la rangi?"

Tindo alicheka mpaka akainama. Hakucheka kwa ubaya, lakini Jemadari hakuwa na nafasi ya kupima hayo. Alimrukia, akampiga ngumi ya sikio. Tindo akamkamata shati, wakaanguka pamoja juu ya vumbi la chuma, wakapigana viwiko na magoti, chungu cha misumari kikamwagika. Jemadari alijaribu lile pigo lake maarufu la kuzunguka, akajipigiza kwenye mguu wa meza. Fundi alipowafikia, Jemadari alikuwa chali, mdomo umepasuka, damu ikimchuruzika kidevuni, na Tindo amemkalia tumboni.

"Simameni!" Fundi aliwainua kwa kola, huyu huku na yule kule. "Hapa kuna moto na mashine ya kukatia. Mnataka kutoka humu na vidole vingapi? Tindo, zibebe nondo. Nawe kasugue msasa, tena mdomo ufumbe."

Jemadari alisugua, moyo ukimchemka. Aliona haya, na haya ile aliigeuza hasira maana hasira ilikuwa rahisi kuibeba. Binti hakumwangalia hata mara moja.

Baadaye Fundi alitoa motoni kipande cha chuma bapa kwa koleo, akakipinda juu ya fuawe, akakilaza mezani. Kilififia kutoka wekundu hadi weusi. Akakichora alama ya chaki. Mara mteja akaita nje, kaja kutazama geti lake, Fundi akatoka kumsikiliza.

Vipande vya mezani vilikuwa vya Tindo kuvibeba, na Tindo alikuwa anarudi kuvichukua. Jemadari alikitazama kile chenye alama. Kichwani mwake majibu matatu yakajitokeza, wazi kabisa. La kwanza: acha. La pili: mwonye. La tatu: futa.

Alichukua kitambaa kinene cha kushikia vyombo vya moto, akafuta. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho tu. Alijiambia kwamba Tindo angeungua kidogo, angeruka na kupiga kelele, na binti angeona nani mwanaume na nani mtoto.

"Tindo, maliza hizo nondo," binti wa mshonaji akasema, akiweka brashi chini. "Vya mezani navichukua mimi. Rangi yangu bado inakauka."

Jemadari alifungua mdomo. Alitafuta neno, na kwa mazoea ya vidole vyake alingojea kila kitu kisimame mpaka achague. Hakuna kilichosimama. Binti alinyoosha mkono wa kulia, akakishika kile chuma kwa kiganja chote, na vidole vikafumba.

Kilio chake hakikufanana na ukelele wa mwanamfalme. Hakikuwa kimoja wala hakikuisha. Chuma kilianguka sakafuni na ngozi imeshikamana nacho, na harufu ikajaa bandani, harufu ambayo mtu akishaisikia haimtoki. Binti alipiga magoti, ameshikilia kifundo cha mkono wake kama anayetaka kuutupa mbali. Vidole vilijikunja, vyeupe mahali pengine na vyekundu pengine.

Fundi aliingia mbio, akamnyanyua, akampeleka kwenye bomba. "Maji! Mkono ukae majini, mwanangu, hapo hapo, usiutoe. Lia tu, lia." Jirani mmoja akaja na dawa ya meno, mwingine na mafuta ya kupikia, Fundi akawafukuza. "Hakuna kupaka kitu! Dakika ishirini za maji baridi, kisha kitambaa safi, kisha zahanati."

Mshonaji alifika na futi yake bado shingoni. Alipouona mkono wa bintiye, aliipiga teke meza ya rangi ikapinduka, akamkaba Fundi kwa mkanda wa aproni.

"Sheria yako ya chaki iko wapi? Iko wapi? Umeniulia mkono wa mtoto!"

"Nilichora," Fundi akasema, lakini macho yake yalihangaika juu ya kile chuma sakafuni, cheusi kitupu. Sauti ikamshuka. "Nilidhani nilichora. Pengine nimesahau. Miaka kumi na tisa sijasahau." Akavua glavu zake taratibu, akaziweka chini. "Fundi anayesahau chaki hafai kushika moto. Kosa ni langu, baba. Banda nitalifunga leo."

Jemadari alimwona mama yake akiziacha glavu pale chini, mama ambaye aliinua geti peke yake. Kwa mara nyingine majibu matatu yakaja: kaa kimya, sema ni Tindo, sema kweli. Wangeamini lolote kati ya hayo. Jibu la kwanza lilikuwa jepesi mno, hata kulisema hakukuhitajika. Lakini alijua kwamba akilichagua hapatakuwa na mahali pa kurudi, kesho wala mwaka kesho, na mama yake ataishi akidhani mikono yake ndiyo iliyomchoma mtoto wa mwenzake.

"Mama alichora," akasema. Ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Mama alichora! Mimi nilifuta. Nilitaka Tindo aungue."

Tindo alimjia na kumpiga ngumi moja ya uso, na Jemadari hakuinua mkono kujikinga. Damu ya pua ilimwagika kwenye shati. Tindo alikunja ngumi tena, Fundi akaidaka hewani.

"Basi. Hiyo haimponyi mwenzenu."

Hakumtazama mwanawe. Alimfunga binti kitambaa safi, wakaondoka na mshonaji kwenda zahanati, na Jemadari akabaki na Tindo wakiokota misumari.

Muuguzi alisema vidole vitapona, ila kwa wiki nyingi na kwa mazoezi yenye maumivu. Siku ya nne Jemadari alipiga moyo konde, akaenda kwa mshonaji. Alikuwa amepanga maneno mazuri. Binti alikuwa mezani, mkono wa kulia umefungwa bendeji, wa kushoto ukijifunza kuandika herufi zilizoyumba.

"Nisamehe," akasema, na yale mengine yote yakampotea.

"Bado," binti akajibu. "Mkono unaniuma, na wewe pia unaniuma. Ulitaka mwenzako aungue ili mimi nikupende? Mimi ni kikombe cha mashindano?" Alisukuma daftari la kazi za likizo kwake. "Kaa. Nitakusomea, wewe andika. Na uandike vizuri, hati yako mbaya."

Aliandika likizo yote iliyobaki. Kuna siku walizungumza, kuna siku hawakuzungumza, na hapakuwa na chupa ya kumwonyesha alipofikia. Kwa Tindo alipeleka samahani mara tatu, ya tatu ikaitikiwa kwa kichwa tu.

Wiki ya saba tangu aungue, binti alirudi karakana, kiganja kina kovu linalong'aa. Rafu ilibaki kipande kimoja kukamilika, nacho kilikuwa mezani, hakina alama. Mkono wake ulinyooka, ukasita, ukarudi nyuma. Alimgeukia Jemadari.

"Kimepoa?"

Wote walimtazama. Jemadari alisogeza mgongo wa mkono wake karibu na chuma, akasubiri, kisha akakishika kwa kiganja chote, vidole vikafumba. Akahesabu mpaka kumi kwa sauti.

"Kimepoa," akasema.

Binti alikichukua, akampa Tindo, na Tindo akakishikilia mahali pake mpaka Fundi akakaza bolti ya mwisho.

Jioni, wenzake walipokwenda, Fundi alikaa juu ya fuawe, akamwita mwanawe. Simu ilikuwa mkononi mwake.

"Mchezo wako nimeucheza," akasema. "Nimekufa mara sita. Zimwi lile lina kiburi." Jemadari alicheka kidogo, kwa woga. "Sikukatazi kucheza, mwanangu. Ila kule ndani watu wamewekwa kwa ajili yako. Unawakata wanainuka, unawapa maua wanakupenda, na ukivuruga unarudi nyuma. Huku nje hakuna aliyewekwa kwa ajili yako. Kila mtu ana ngozi yake na moyo wake, na hangojei uchague. Ulichofuta siku ile si chaki, ni imani ya watu. Nawe ulianza kuirudisha pale uliposema kweli, wakati uongo usingekugharimu kitu. Endelea hivyo hivyo, polepole."

Akampa simu, kisha akatoa mfukoni kipande cha chaki, akakiweka juu yake.

"Kuanzia kesho," akasema, "alama unachora wewe."