Mkono Uliotulizwa

Mkono wa Mzee Ambokile ulitetemeka mpaka kikombe alichokishika kikawa kinagongana na kisahani chake, na mlio huo ulisikika hadi viti vya nyuma vya ukumbi wa Taasisi ya Ufundi wa Mwili, jijini Mbeya. Binti yake, Injinia Atuganile, akamvalisha glavu nyembamba ya rangi ya majivu, akaifunga vizuri kwenye kifundo cha mkono, akarudi nyuma hatua moja. Kikombe kikanyamaza. Mzee akakiinua, akanywa chai bila kumwaga hata tone, akakirudisha mahali pake. Kisha akachukua kamera yake, akawalenga watu waliokuwa wanamtazama, akabonyeza. Picha ilipotokea ukutani nyuma yake, kila uso ulionekana sawasawa, hata wa mlinzi aliyesimama mbali mlangoni.

Watu walisimama kupiga makofi. Atuganile alisimama kando ya baba yake, kidevu juu, mikono nyuma, na hakupunga wala kuinama.

Ndani ya glavu tulizi, kama alivyoiita, mlikuwa na vihisi vidogo kuliko punje za ulezi. Mtetemo ulipotoka ubongoni kuelekea vidoleni, vihisi viliutambua kabla haujafika, na glavu ikapeleka kwenye neva mpigo mdogo wa umeme wa kuukabili. Viwili hivyo vilikutana njiani vikazimana, na mkono ukabaki umetulia kama wa kijana.

Pengine mgeni angeuliza kwa nini mpiga picha wa zama hizo ahangaike na mkono unaotetemeka. Karibu kila mtu alikuwa na kamera bashiri, na kamera bashiri haikujua picha iliyotikisika ni kitu gani. Ilipokea mwanga wowote iliopewa, na palipoharibika ikajaza yenyewe kwa akili bandia: kope ambazo haikuziona, meno, mikunjo ya paji la uso. Picha zake zilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Shida ilikuja baadaye, pale familia zilipoanza kutazama picha za marehemu wao na kuhisi kwamba wanamtazama ndugu wa marehemu, mtu aliyefanana naye tu. Ndipo watu walipoanza kupanda hadi mtaa wa Mabatini, kwenye studio ya Mzee Ambokile. Kamera yake haikubashiri chochote. Iliandika mwanga ulioingia, basi. Mkono ukitikisika, na picha inatikisika.

Halafu ugonjwa ukauingia mkono wake. Studioni aliweza kutumia stendi ya miguu mitatu, lakini sifa yake yote ilikuwa kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye nyua ambamo watoto hawakai mahali pamoja. Akaanza kurudi nyumbani na kufuta picha kabla mtu hajaziona. Siku moja Atuganile alimkuta amekaa sebuleni, kamera mapajani, macho yakiwa dirishani. Kesho yake akaanza kuchora glavu.

Kwa hiyo ile siku ya ukumbini ilikuwa sikukuu kwao wote. Mzee alirudi kazini. Alipiga picha za harusi ya watu wa Tukuyu, na za pacha wachanga wakipiga miayo, na kila jioni alimsimulia mke wake picha za siku hiyo, moja baada ya nyingine. Mkewe, Mama Tusajigwe, alikuwa amepoteza macho kwa ugonjwa wa presha ya macho, na kwa miaka mingi alizijua picha za mumewe kwa kusimuliwa tu. Taasisi nayo ilipanga kuzindua glavu rasmi. Wanunuzi kutoka nchi kadhaa walikuwa wameshathibitisha kuja.

Jumapili moja kabla ya uzinduzi, Atuganile alikwenda kula kwa wazazi wake baada ya ibada. Mama alikuwa mezani. Baba alisimama jikoni bila glavu, akieleza jinsi bibi harusi mmoja alivyokataa kuvua viatu vya mvua. Alikuwa ameegemeza kiganja juu ya jiko la umeme, na Atuganile aliyekuwa anacheka akaona taa nyekundu ya jiko inawaka.

Alimvuta kwa nguvu mpaka wote wawili wakagonga kabati. Akaupeleka mkono kwenye bomba. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeshaanza kuvimba, na Mzee Ambokile aliutazama kama anautazama mkono wa mgeni.

"Baba, husikii maumivu?"

"Nasikia maji," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Nayaona."

Walikaa pale pale jikoni wakati Atuganile anamfunga bandeji. Mzee akaeleza polepole. Ilianza kwenye ncha za vidole, akadhani ni baridi ya Juni. Baadaye akawa hawezi kutofautisha funguo mfukoni. Hisia hazikurudi hata akivua glavu, na kila wiki ganzi ilipanda kidogo.

"Kwa nini hukuniambia?" Atuganile akauliza.

"Siku ile ukumbini nilikuona ulivyosimama. Sijawahi kukuona umesimama hivyo. Ningesemaje, mwanangu?"

Mama Tusajigwe akaongea kutoka mezani bila kugeuza uso. Alisema yeye alijua zamani. Wakitembea kwenda kanisani mumewe alimkamata kwa nguvu kama anayeshika bomba la ngazi, maana hakuwa na hakika kama amemshika. "Tangu tuoane, nikimbonyeza kidole naye hunibonyeza," akasema. "Sasa nabonyeza, hakuna anayeitika. Nikamuuliza. Akaniomba ninyamaze mpaka uzinduzi wako upite."

Atuganile alimaliza kufunga bandeji. Akaichukua glavu juu ya kabati, akaitia mkobani, na hakula chakula siku ile.

Hakuhitaji muda mrefu kuelewa kilichotokea. Mpigo wa kukabili mtetemo ulipita kwenye njia ile ile inayopitwa na hisia za kugusa, ila zenyewe zinakwenda upande wa pili, kutoka vidoleni hadi ubongoni. Kupigwa kila siku kulizichosha neva hizo, zikaanza kujifunga. Jaribio lake lilidumu majuma machache, na madhara yalihitaji miezi ili yaonekane. Akawatembelea watu wengine waliokuwa wanajaribu glavu. Wengi walikuwa na ganzi, wakadhani ni uzee. Fundi cherehani mmoja wa Uyole alikiri kwamba siku hizi anajichoma sindano asijue mpaka aone damu kwenye kitambaa, lakini akamsihi asimnyang'anye glavu, kwa kuwa bila hiyo hawezi hata kutunga uzi. Atuganile alitoka kwa fundi huyo amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Mkurugenzi wa taasisi, Dakta Rwegoshora, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, akamkumbusha kwamba hata dawa nzuri zina madhara, na kwamba watu wengi wangekubali ganzi kidogo ili waweze kushika kijiko wenyewe. Akapendekeza uzinduzi ufanyike, na uchunguzi uendelee taratibu.

"Wengine watakubali, na pengine wana haki," Atuganile akamjibu. "Lakini anayekubali lazima awe ameambiwa. Baba yangu hakuambiwa na mtu. Mimi mwenyewe sikujua cha kumwambia."

Dakta aligeuza kalamu mezani muda mrefu. Mwishowe akaahirisha uzinduzi. Kazi ya glavu ikakabidhiwa kwa madaktari wa neva waanze upya, watu waliokuwa wanaitumia wakaelezwa kila kitu wachague wenyewe, na Atuganile akaondolewa kwenye uongozi wa mradi aliouanzisha. Hakubishana. Alibeba vitu vyake kwenye boksi moja na kuteremka kutoka taasisi iliyo mlimani hadi mjini kwa kibehewa kinachoning'inia kwenye kamba, ukungu umefunika vioo pande zote.

Mzee Ambokile aliacha glavu. Mtetemo ulirudi siku ile ile, kama mtu aliyekuwa anasubiri nje ya mlango. Hisia hazikuwa na haraka hiyo. Kidonda cha kiganja kilipona, na baada ya hapo kidole gumba kikaanza kutambua moto na baridi. Vidole vingine vilibaki ganzi. Daktari alisema huenda vikarudi, huenda visirudi. Mzee akaacha safari zote za harusi, akabaki na picha za studioni, kwenye stendi.

Alasiri moja Atuganile alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya nyumba ya wazazi wake, mgongo ukutani, hana la kufanya. Jua la baada ya mvua liliingia dirishani na kumwangukia usoni. Baba yake alikuwa anapita na gazeti. Akasimama.

"Kaa hapo hapo, Atu."

Alirudi na kamera. Atuganile akamwambia angoje, yeye akimbie studioni amletee stendi. Baba alijibu kwamba jua halitangoja. Akaegemeza bega kwenye mwimo wa mlango, akatanua miguu kidogo, akabana viwiko mbavuni, akatoa pumzi taratibu, kama alivyofundishwa ujanani kabla glavu yoyote haijatengenezwa. Kamera ikatetemeka tu. Akaishusha, akajaribu tena. Akaishusha.

"Acha, Baba," Atuganile akasema kwa upole. "Siku nyingine."

Mama Tusajigwe alikuwa jikoni akiosha maharage kwenye beseni. Alizisikia pumzi zile, na hakusikia mlio wa kamera baada ya hapo. Akainuka, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akasimama nyuma ya mumewe. Akaingiza mikono yake chini ya viwiko vya mumewe na kumwegemea mgongoni.

"Mkono wako huwa unapumzika kidogo, pumzi ikishatoka," akasema. "Tukilala huwa nausikia. Toa pumzi, nitakwambia."

Atuganile aliijua nafasi hiyo. Alikuwa ameiona mara nyingi kwenye michoro ya mashine zake, fupi sana, akaipita kwa sababu haikutosha kufanyia kitu. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuisubiri. Aliwatazama wazazi wake, mmoja jicho kwenye kamera, mwingine uso umeelekea dari, wakipumua pamoja.

"Bado," Mama akasema. "Bado. Sasa."

Kamera ikalia.

Kisha Mzee akageuza kamera na kutazama. Mkono wa gauni ulikuwa umefifia kidogo, maana Atuganile alitikisika, lakini uso ulikuwa wa binti yake, wote, na hakuna kilichobashiriwa.

"Imetoka?" Mama akauliza.

"Imetoka. Analia kidogo."

"Nimemsikia."

Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka tena. Mzee Ambokile akamkabidhi Atuganile kamera, akateremsha mkono wake hadi ulipokuwa mkono wa mkewe, akaushika. Hakuukamata kwa nguvu. Alibaki hivyo kitambo, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza sauti ya chumba cha pili.

"Vidole vyako vina baridi, Mama Atu," akasema.

Mama Tusajigwe akakibonyeza kidole chake gumba.

"Ni maji ya maharage," akasema.