Namba ya Jana

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama yake Chiriku alishuka mtoni na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni. Karibu na daraja palisimikwa ubao mrefu wenye namba, na kazi yake ilikuwa kusoma maji yamefika namba ngapi, kuandika, kisha kuipigia simu ofisi ya maji. Wiki ile kifua kilimbana, kwa hiyo kazi ikamwangukia binti yake wa miaka kumi na miwili. Huyo aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Chiriku alisimama barazani, akatazama matope, uvivu ukamshika. Juzi maji yalikuwa arobaini na moja, jana arobaini na mbili. Mto uliotulia wiki nzima ungebadilika leo kwa nini? Akaandika arobaini na mbili, kisha akalinyunyizia daftari matone mawili matatu ili lionekane limetoka mtoni. Mama akamshukuru, akapiga simu.

Saa tatu, mvua ikiwa imepungua kuwa manyunyu, alifika mjomba wake, fundi seremala. Alikuwa amewaahidi Chiriku na mdogo wake Bonge, wa miaka mitano, kuwapeleka kwenye maporomoko siku ya mvua, wakati hakuna watu.

"Sharti ni moja," alisema huku akimfunga Bonge vifungo vya koti. "Tunatembea kimya. Maporomoko yenyewe yatatuambia tumekaribia. Haya, Chiriku, kipimo cha leo kinasemaje?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Kufika kwenye maporomoko ilibidi kuvuka mto juu ya mawe saba, na maji yakipita hamsini hakuna aliyethubutu kukanyaga hata jiwe moja.

"Arobaini na mbili, Mjomba."

"Safi. Twende zetu."

Njia ilipita katikati ya miti iliyolowa. Mjomba alitembea polepole, akifurahia harufu ya udongo. Bonge aliwahesabu konokono kwa vidole, midomo ameibana kama alivyoagizwa. Chiriku naye hakusema neno, mpaka mjomba akamgeukia kwa mshangao na kumpongeza. Laiti angejua. Mto ulikuwa umeanza kusikika, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Walipofika kwenye kivuko, maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Mawe yote saba yalionekana, lakini la mwisho lilikuwa limebakiza mgongo tu. Mjomba akajikuna kidevu.

"Mto umechafuka. Una hakika na ile namba?"

Hapo Chiriku angeweza kusema ukweli, na yote yangeishia kwenye kukemewa. Lakini aliona aibu.

"Nina hakika."

"Basi ni tope tu la mvua ya hapa hapa. Macho yangu yanaweza kukosea, lakini kipimo hakikosei." Akainama, akambeba Bonge mgongoni. "Wewe nisubiri, nitarudi kukushika mkono."

Akakanyaga jiwe la kwanza, akakanyaga la pili. Alipofika la tatu, maji yalikuwa yanapita juu ya la nne, na Bonge alikuwa anampungia dada yake mkono huku akicheka. Chiriku akakimbilia ukingoni. Akapiga kelele.

"Mjomba, rudi! Sikwenda kupima. Niliandika namba ya jana!"

Mjomba aligeuka polepole, mguu ukitafuta jiwe ulilotoka. Gogo likateremka kwa kasi na kupita pale pale alipokuwa amesimama. Alipoifikia nchi kavu alianguka kwa magoti, na Bonge akabwagika kwenye changarawe, akaangua kilio. Walipotazama nyuma, jiwe la tatu halikuwepo tena.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," mjomba alisema, akihema. "Yako leo ilikuwa mawe matatu."

Nyumbani Chiriku alimweleza mama yake yote, hata yale matone kwenye daftari. Mama hakumgombeza. Alivaa koti, akashuka naye darajani akikohoa njia nzima. Maji yalikuwa sitini na nane. Hapo hapo akapiga simu, akakiri kwamba namba ya asubuhi ilikuwa ya uongo, na ofisi ikawahi kuwaondoa watu waliokuwa wakilima kando ya mto huko chini.

Jioni alimketisha binti yake.

"Ungeniambia umeona uvivu, ningekwenda mwenyewe na kikohozi changu, yakaisha. Lakini namba ukishaiandika, mwanangu, si yako tena. Kuna mtu anaiamini na kuweka mguu wake juu yake."

Chiriku akamtazama Bonge, aliyekuwa amelala mkekani na mikwaruzo ya mtoni magotini. Akaitikia kwa kichwa, kisha akamfunika shuka.