Jibu Moja kwa Maswali Matatu

Kila siku baada ya chakula cha mchana, sebule ya mama mmoja fundi cherehani iligeuka chumba cha mtihani. Vitambaa vilisogezwa, saa ya jikoni ikawekwa mezani, na binti yake wa darasa la sita akasimama nyuma ya kiti kwa uso wa kazi. Aliyeketi kitini alikuwa kaka yake, mwanafunzi wa uhandisi chuo kikuu. Nyumba nzima ilimwita binti huyo Msimamizi, na cheo kilimkaa vizuri.

"Hakuna kuchungulia kwa jirani," alisema siku hiyo. "Anza."

Jirani mwenyewe alikuwa paka. Kwa kawaida kaka angecheka, lakini leo hakucheka. Mguu wake ulitikisika chini ya meza, midomo imemkauka, na chakula chake kilikuwa jikoni hakijaguswa. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa keshokutwa. Akifeli, atarudia mwaka mzima.

Msimamizi alijua jambo ambalo mama hakulijua. Asubuhi alimkuta kaka akimeza kidonge kutoka kwenye kichupa kisicho na maandishi.

"Unaumwa?" alimuuliza.

"Siumwi. Hivi ni vya kufukuza usingizi, nimepewa na rafiki yangu wa chuo. Nikimeza nasoma mpaka kunakucha. Usimwambie mama, mdogo wangu. Niapie."

Akaapa, na tangu hapo hakuwa na raha.

Sasa kalamu ya kaka ilikimbia. Alijaza ukurasa baada ya ukurasa bila kuinua kichwa. Muda ulipokwisha, alisukuma karatasi mbele huku akitabasamu.

"Umeona mwendo huo? Sijawahi kuandika hivi."

Msimamizi hakujua uhandisi, lakini kusoma alijua. Swali la kwanza lilihusu nguzo za daraja, la pili mifereji ya maji, la tatu barabara. Akasoma jibu la kwanza, akasoma la pili, kisha akarudi tena kwenye la kwanza.

"Kaka, umeandika habari za nguzo mara tatu. Maneno ni yale yale."

"Unajua nini wewe? Lete hapa." Akampokonya karatasi. Akaisoma akifuata mistari kwa kidole. "Niliandika mifereji. Nakumbuka kabisa niliandika mifereji."

Akasimama, akashika kifua, kisha akaanguka sakafuni. "Moyo unakwenda mbio," alisema kwa shida. "Usimwite mama. Uliapa."

Msimamizi aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Akisema, kaka hatamwamini tena. Akinyamaza, huenda akampoteza. Akatoka mbio hadi barazani, mama alikokuwa akishona.

"Mama, kaka anameza vidonge vya kukesha. Ameanguka."

Mama aliacha sindano ndani ya kitambaa.

Hospitalini, daktari alikigeuzageuza kile kichupa. "Dawa hizi haziongezi akili," alimwambia kaka. "Zinakuficha uchovu tu. Unajiona umeiva, kumbe kichwa hakijashika kitu kwa kukosa usingizi. Na moyo wako ndio uliobeba mzigo. Mngechelewa, tungekuwa na mazungumzo mengine."

Wenzake walipokuwa wakifanya mtihani, kaka alikuwa amelala wodini. Chuo kilimruhusu kuufanya baadaye, pamoja na wanaorudia. Aliporudi nyumbani alimnunia dada yake, na Msimamizi alilia chooni asionekane.

Kisha mchana mmoja kaka alimaliza sahani yake, akasogeza vitambaa mwenyewe, akaweka saa mezani. "Msimamizi, nakusubiri."

Muda ulipokwisha alikuwa amejibu maswali mawili tu. Lakini kila swali lilikuwa na jibu lake.

Mama alikata uzi kwa meno, akawatazama wote wawili. "Wewe, usingizi ni sehemu ya masomo, usiuibe tena. Na wewe, mwanangu, siri inayomuumiza mtu haitunzwi. Iletwe kwa mkubwa, hata kama umeapa."

Kaka alifaulu ule mtihani. Siku ya matokeo alimvuta dada yake pembeni.

"Niapie kitu kimoja. Ukiniona nameza tena vidonge, utamwambia mama."

"Siapi tena mimi," alijibu Msimamizi. "Hilo nitalisema tu."