Mwenyeji Asiamshwe

Saa nane na dakika ishirini mchana wa sikukuu, wageni thelathini na wawili wakiwa wameshiba na kulegeza mikanda, mkwe wa nyumba alikwenda kumwita mama mkwe wake aje akae na watu. Mbele ya mlango wa chumba alikanyaga taulo lililolowa maji. Akalisukuma pembeni kwa mguu, akidhani mtoto kamwaga kitu. Akabisha mara mbili, akafungua.

Ndani kulikuwa na joto kama la tanuri. Mama mkwe alikuwa amelala chali, kitambaa cheusi bado kimefungwa machoni kama alivyozoea kulala mchana. Miguuni pa kitanda palikuwa na jiko la mkaa lililojaa majivu meupe. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo.

Ukelele wa mkwe ulisikika mpaka getini.

Inspekta alifika saa tisa na nusu. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo. Kituoni walimwita Polepole, naye jina hakulikataa. Alimkuta mpishi wa kukodi ameshafungiwa stoo, mdomo umevimba, na kaka wa marehemu, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjomba, ameketi mlangoni pa stoo kama askari jela.

"Muuaji tumekushikia, afande," Mjomba alisema. "Jiko ni lake. Asubuhi dada alimsema kwa kuunguza vitunguu, naye akajibu, 'Utanikumbuka.' Watu kumi walisikia."

"Nani kampasua mdomo?"

"Aliteleza."

Uani walisimama wanaume wanne, mikono ya mashati imekunjwa. Wageni walikuwa na basi la saa kumi na mbili jioni, na hao wanne walionekana kutaka kumaliza kazi kabla ya safari. Inspekta alikuja na askari mmoja tu. Alijua kwamba asipopata jibu mapema, mpishi hafiki kituoni mzima.

Hata hivyo alianza na chumba. Daktari wa polisi alimwonyesha kucha za marehemu, zilivyoiva wekundu.

"Hewa ya mkaa," daktari alisema. "Haina harufu. Aliyelala hajui kama anakufa."

"Saa ngapi?"

"Kwa joto hili? Siapi."

Inspekta alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Ulifungukia ndani, na taulo lilikuwa nje. Ukutani lilining'inia gauni jipya la kijani, na shingo yake bado ilikuwa imeshikizwa kwa uzi mweupe wa fundi. Alilitazama kitambo, akatoka.

Kule stoo, mpishi alikuwa amekaa juu ya gunia.

"Majiko yako mangapi, baba?"

"Manne, mama. Saa tano na robo nikaona matatu. Nikadhani moja limepelekwa ndani kupasha sahani. Siku ya shughuli kila mtu anabeba, huulizi."

"Marehemu aliingia kulala saa ngapi?"

"Saa tano kamili. Anaamka saa kumi usiku, anasimamia kila kitu, halafu anajilaza. Na asiamshwe."

"Ulimwambia atakukumbuka."

"Nilisema. Nilitaka kusema mwakani atatafuta mpishi akose. Mama, mimi naua kuku tu, na hata hao nafumba macho."

"Alikuwa mkali?"

"Mkali? Miaka sita napika hapa sijatia chembe ya chumvi. 'Chumvi ni mkono wa mwenye nyumba,' anasema. Akiamka anakuja jikoni mwenyewe, anatia, ndipo chakula kinatoka. Haigusi mtu mwingine, hata mdogo wake wa tumbo moja."

"Na leo?"

"Saa saba kasoro kumi niliepua, nikaenda kuoga. Kurudi saa saba na robo, nakuta chakula kiko mezani. Nikajua ameamka."

Inspekta alikwenda jikoni moja kwa moja. Sufuria tatu zilikuwa na mabaki: nyama, maharage, mboga. Akachukua kijiko, akaonja moja moja bila haraka. Mjomba alimfuata nyuma.

"Afande, umekuja kupeleleza au kula?"

"Vyote viwili. Hebu onja na wewe."

Mjomba alionja, machozi yakamlengalenga. "Kimekolea. Dada alikuwa na mkono jamani."

"Alikuwa nao," Inspekta alisema, akaosha kijiko.

Inspekta alimkuta mkwe kwenye ngazi ya uani, kajiinamia.

"Nilikuwa getini napokea wageni tangu saa sita na nusu mpaka saa saba na robo," mkwe alisema. "Waulize. Tulipokaa nikaonja, nikamwambia mume wangu, 'Mama ameamka, yuko anavaa.' Basi hatukumsumbua. Asiamshwe, asiharakishwe, ndiyo sheria ya hapa. Tumekula, afande! Tumecheka, tumemsifu, naye yuko mle..."

Inspekta alimngoja amalize kulia.

"Mlikuwa mnaelewana?"

"Zamani hapana. Mwezi uliopita akaniita, akasema amechoka. Leo baada ya chakula angewatangazia watu kwamba kuanzia mwakani mwenyeji wa sikukuu ni mimi."

"Nani mwingine alijua?"

"Labda Mama Mdogo. Hakuna alichomficha mdogo wake."

Mama Mdogo alikuwa jikoni anakausha glasi. Nyumba nzima ililia; yeye aliosha vyombo. Sahani alikwisha kuzipanga kwa ukubwa wake. Mjomba alisimama kando yake, mkono begani mwake.

"Pole, mama," Inspekta alisema. "Dada yako alikuja kutia chumvi saa ngapi?"

"Saa saba kasoro dakika tano. Nilikuwa hapa hapa. Akatia, akasema kichwa kinamgonga, akarudi kujilaza kidogo."

"Alivaa nini?"

"Gauni lake la kijani. Lilimkaa vizuri mno."

Inspekta alimtuma askari alilete gauni. Akalitandaza mezani, kati ya glasi.

"Hebu nionyeshe kichwa kilipita wapi."

Mama Mdogo aliutazama uzi mweupe.

"Basi nimechanganya. Alikuwa na nguo ya kulalia."

"Haya, nguo ya kulalia. Jiko lilipotea saa tano na robo. Mtu anaamka, anaona jiko linawaka miguuni pake, analiruka, anakuja kutia chumvi, kisha anarudi kulala pale pale? Na akishalala, anatoka tena kutandika taulo bichi nje ya mlango wake, kuziba upenyo wa chini?"

Mama Mdogo alizidi kusugua glasi hadi ikalia.

"Miaka yote hakuna aliyethubutu kuigusa chumvi ile," Inspekta alisema. "Leo kuna mtu aliyejua kwamba mwenyewe haji."

"Sasa wageni wale chakula chapwa?" Mama Mdogo alisema, kama aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Watu wangetusemaje?"

Mjomba aliondoa mkono begani mwake.

"Miaka ishirini na miwili ninaosha vyombo vya sikukuu humu," Mama Mdogo aliendelea. "Nikasema moyoni, siku moja itakuwa zamu yangu. Juzi ananiambia zamu ni ya binti huyu aliyekuja jana. Na chumba changu kiwe cha watoto, mimi nihamie kwako, kaka. Aliniambia huku ananikabidhi vitunguu nimenye."

"Ulitaka alale tu," Mjomba alisema. Alikuwa anamwomba. "Alale, sherehe iishe. Si ndiyo?"

"Ningetaka alale tu, taulo ningelilowesha la nini?"

Saa kumi na moja na dakika arobaini walimtoa Mama Mdogo kwa mlango wa jikoni. Wanaume wanne waliokuwa uani walishusha mikono ya mashati yao, wakafunga vifungo.

Inspekta alimfungulia mpishi mwenyewe.

"Nitakupeleka kwenu na gari, baba."

"Gari la polisi? Nikishushwa nalo mtaani kwetu, nani atakaa asikilize kwamba sikuua?" Mpishi alijifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Nitatembea. Ila nataka kutokea mbele, kupitia sebuleni, hawa watu wakiwa bado wamekaa."

Inspekta alitangulia, akaufungua mlango, akasimama kando. Mpishi alipita kati ya viti pole pole, mdomo wake umevimba, akimtazama kila mmoja usoni. Wengi waliangalia chini. Mjomba alipopata sauti ya kusema pole, mpishi alikwisha kufika barabarani.