Mama Mkwe Ndani ya Gari Lililofungwa

Makhanu ni seremala. Anaishi Bondeni, mjini Nakuru, pamoja na mkewe Celestine na binti yao mdogo Shantel. Hutengeneza vitanda, meza na vibanda vya kuku. Ana gari la zamani aina ya Probox. Siku za kazi gari hilo hubeba mbao. Jumapili hubeba familia kwenda kanisani, na Shantel hushuka akiwa na vumbi la mbao kwenye sketi.

Kwa zaidi ya mwezi mmoja walikuwa na mgeni. Mama yake Celestine, Mama Nabalayo, alitoka Kimilili kuja kutibiwa goti. Goti la kulia lilikuwa limevimba na halikukunjika hata kidogo. Kwenye tuktuk hakuingia. Alisafiri tu kwenye kiti cha nyuma cha Probox, mguu umenyooshwa kiti kizima.

Sasa, mama mkwe si mtu wa kuchezewa. Kwa desturi ya watu wao, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Siku hizi wengi wameilegeza desturi hiyo, lakini Mama Nabalayo hakuilegeza hata kidogo. Kwake, neno la mkwe lazima lipitie kwa mtu mwingine. Makhanu akitaka kujua kama mama amekula, humuuliza Celestine. Mama yuko hatua mbili tu, analisikia swali. Humjibu Celestine. Makhanu naye husubiri aletewe jibu ambalo amekwisha kulisikia.

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili. Kufikia wiki ya pili, Celestine alikuwa amechoka kabisa.

Jumanne ilikuwa siku ya daktari wa mifupa. Daktari huyo huja kliniki mara moja tu kwa mwezi. Mwezi uliotangulia walichelewa, wakamkosa, na mama akaumia siku thelathini nyingine. Kwa hiyo Celestine alitangulia asubuhi na mapema kushika foleni.

"Mama awe hapa kabla ya saa tano," alimwambia mumewe kwa simu. "Wakiita jina na hayuko, wanaruka. Na mpitie mjini mchukue ile picha ya goti. Bila picha, daktari hamshughulikii."

"Wacha wasiwasi," Makhanu alisema. "Leo hatuchelewi."

Alifunga leso kati ya viti vya mbele na vya nyuma, ili heshima iwepo. Kisha akawasha redio na kuendesha gari. Mama alikuwa nyuma ya leso.

Mjini, Makhanu aliegesha gari mbele ya jengo la eksirei. Kando ya barabara kulikuwa na ubao mkubwa. Ubao ulieleza jinsi ya kulipia maegesho kwa simu. Makhanu hakuusoma. Yeye alikuwa na sheria yake: gari lenye mtu ndani halijaegeshwa, limesimama tu. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Alifundishwa na fundi mwenzake, ambaye mwenyewe alikuwa amefungiwa gari mara mbili.

Lakini angemuagaje mama mkwe bila mtu wa kumtuma? Aliuangalia usukani, akasema kwa sauti kubwa: "Haya, usukani, bakini hapa salama. Naenda kuchukua picha. Dakika mbili tu."

Mama hakuwa mtu wa kujibizana na usukani.

Ndani kulikuwa na watu kumi na wanne kwenye foleni. Zile dakika mbili zikawa nusu saa, zikapita. Makhanu alipotoka na bahasha ya picha, alikuta chuma cha njano kimebana gurudumu la mbele. Chuma hicho ndicho watu hukiita klampu. Kando yake alisimama kijana mwenye koti la kung'aa na mashine ndogo mkononi. Jina lake, Maxwel, lilikuwa kifuani. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya maegesho.

"Boss, hii ni nini?" Makhanu aliuliza.

"Ni klampu, boss. Gari haijalipiwa."

"Kwani huoni kuna mtu ndani?"

"Nimemwona. Hata nimemsalimia."

"Sasa unafunga aje gari iko na mtu?"

"Boss, hata ikiwa na kwaya nzima, parking inalipwa."

Watu wakaanza kukusanyika. Nakuru hakuna kitu kinachokusanya watu haraka kama klampu. Kila dereva alikuwa na kidonda chake.

"Hawa wametuzoea!" mmoja alisema. "Mimi juzi walinifunga na nilikuwa nimelipa!"

"Mimi walinifunga nikitafuta chenji!" mwingine alisema.

"Leteni nondo tuvunje hii kitu!" akasema wa tatu, ambaye hakuwa na gari.

Makhanu alitazama saa. Ilikuwa saa nne kasorobo. Ukali wote ukamwisha, akageuka mtamu ghafla. Alimvuta Maxwel kando, hatua moja kutoka dirisha la nyuma.

"Kijana yangu," alinong'ona, "mimi na wewe tunaweza kusaidiana. Shika hii ya chai. Toa hiyo chuma, twende."

Maxwel alitazama kushoto, akatazama kulia. Kabla hajasema lolote, kioo cha nyuma kikashuka.

"Wewe kijana wa mashine," sauti ya mama ilisema. "Mwambie mkwe wangu arudishe hiyo chai mfukoni."

Maxwel alishangaa. "Si amesikia, mathe? Ako hapa."

"Mwambie."

Maxwel alikohoa. "Boss, mama anasema urudishe chai mfukoni."

Makhanu aliinamisha macho. "Mwambie mama nimesikia. Lakini mwambie ukweli ni kwamba sikulipa, na tunachelewa daktari."

"Mathe, anasema hakulipa, na mnachelewa da…"

"Mwambie mimi nimelipa."

Watu wote wakaligeukia dirisha la nyuma. Hata yule wa nondo.

Makhanu alikuwa amesahau jambo moja. Kabla ya kustaafu, Mama Nabalayo alikuwa karani wa ushuru sokoni kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna ubao wa malipo unaoweza kumpita bila kusomwa. Makhanu alipoingia ndani, mama alitoa simu. Alimwita muuza njugu aliyekuwa akipita, akamwomba amsomee namba ya gari. Akalipia siku nzima kwa namba iliyoandikwa ubaoni. Ujumbe ukaja kwenye simu yake, akauhifadhi. Maxwel alipofika, mama alimwambia kupitia kioo kwamba gari limelipiwa. Maxwel alitazama mashine, akatikisa kichwa, akafunga.

"Mwambie mkwe wangu ujumbe huu hapa," mama alisema, akitoa simu dirishani. "Mwambie asome saa."

"Boss, anasema usome saa."

Makhanu aliipokea simu kupitia kwa Maxwel. Malipo yalikuwa yamefanywa saa tatu na dakika kumi na mbili. Aibu ikampata. Alikuwa karibu kutoa hongo kwa deni lililokwisha kulipwa.

"Sasa mwambie huyo aliyefunga gari," mama aliendelea.

"Mathe, aliyefunga ni mimi."

"Basi jiambie. Jiambie uandike ilani. Uandike namba ya gari, sababu ya kufunga, na saa uliyofunga."

"Hiyo huwa tunaandika baadaye."

"Baadaye ya nini? Mimi nimeandikia watu risiti mvua ikininyeshea. Andika."

Maxwel alitoa kitabu cha ilani. Aliandika polepole, kama mtoto anayeandika jina la mwalimu. Alipofika kwenye saa, aliandika saa tatu na dakika arobaini. Kisha kalamu ikasimama. Alikuwa amesoma alichokiandika mwenyewe.

"Walilipa saa tatu na kumi na mbili," yule muuza njugu alisema kwa furaha, akichungulia kitabu. "Umefunga saa tatu na arobaini. Hapo umejishika, bro!"

Watu wakacheka. Maxwel hakucheka.

"Mashine haikuonyesha malipo," alisema kwa sauti ya chini. "Network imekuwa ikipotea tangu asubuhi. Nikiuliza gari, inanipa majibu ya jana."

"Na ulijua?" Makhanu aliuliza.

"Nilijua. Lakini jioni tunaulizwa tumefunga magari mangapi. Hakuna mtu anauliza tumefunga ya nani."

Makhanu alitaka kumkasirikia, akashindwa. Kijana alikuwa amesema kweli mbele ya watu, na kusema kweli hivyo si rahisi.

"Nondo imefika!" yule bwana asiye na gari aliita kutoka nyuma.

"Mwambie airudishe," mama alisema. "Sasa hivi kosa ni lao. Tukivunja, kosa litakuwa letu."

Maxwel alimwambia. Nondo ikarudi.

"Basi fungua," Makhanu alimwambia Maxwel.

"Funguo haziko na mimi, boss. Ziko kwa ofisi. Piga hiyo namba iko chini ya ilani."

Makhanu alipiga. Aliyepokea ni msimamizi, mwanamke aitwaye Wariara. Hakuuliza mengi. Aliuliza namba ya gari, saa ya malipo na saa ya ilani. Makhanu alikuwa nazo zote, kwa hiyo mazungumzo yalikwisha kwa dakika moja.

"Nimeona malipo yako hapa kwetu," Wariara alisema. "Nakuja na funguo."

Saa nne na nusu bodaboda ilisimama na Wariara akashuka. Alifungua klampu mwenyewe, mikono ikajaa grisi.

"Na ile pesa ya kufunguliwa?" Makhanu aliuliza kwa wasiwasi.

"Gari lililolipiwa halilipishwi kufunguliwa. Pole sana kwa usumbufu."

"Na mimi wa juzi?" yule dereva wa kwanza aliuliza. "Mimi sina mama mkwe mkali hivi."

Wariara alicheka. "Huhitaji mama mkwe. Unahitaji ushahidi. Lipa kwa namba ya ubaoni tu, usimpe mtu pesa mkononi. Weka ujumbe, usiufute. Ukifungiwa, omba ilani iliyoandikwa saa, kisha upige simu ofisini. Na ukionewa, andika malalamiko. Beba nakala mbili, tukugongee muhuri kwenye moja ubaki nayo. Malalamiko ya mdomo yanaishia hapa barabarani. Ya karatasi lazima mtu ayajibu."

"Hata ya juzi?"

"Kama una ujumbe, lete hata leo."

Kisha akamgeukia Makhanu. "Lakini na wewe, mzee, nasikia ulisema gari lenye mtu halilipiwi. Hiyo sheria uliitoa wapi?"

"Kwa fundi mwenzangu," Makhanu alisema.

"Mwambie anitafute. Tunamfahamu sana. Gari likisimama kwenye maegesho, linalipiwa, hata likiwa limejaa watu."

Walifika kliniki saa tano kasoro dakika tatu. Celestine alikuwa langoni, mikono kichwani. Muuguzi alikuwa ameliita jina la mama mara moja na alikuwa amefungua mdomo aliite tena.

"Yuko! Yuko hapa!" Celestine alipiga kelele.

Daktari aliiangalia picha, akatoa maji gotini, akachoma sindano, akaeleza mazoezi ya kila siku. Makhanu alisubiri nje. Alifurahi mpaka akanunua soda tatu. Kwanza, hata hivyo, alikuwa amelipia maegesho.

Siku iliyofuata waliandika barua ya malalamiko. Makhanu alishika kalamu sebuleni. Mama alikuwa chumbani, Celestine mlangoni. Barua ya kwanza ilianza kwa matusi, mama akairudisha. Ya pili haikutaja saa, akairudisha. Ya tatu ilisema Maxwel afukuzwe kazi.

"Mwambie atoe hapo," mama alisema. "Yule kijana alisema ukweli. Aandike juu ya mashine, na juu ya kuhesabu magari jioni."

Barua ya nne ilipita. Makhanu aliipeleka ofisini mwenyewe na kurudi na nakala yenye muhuri.

Jibu lilichukua wiki tatu. Lilifika siku moja kabla ya mama kurudi Kimilili. Wakati huo goti lilikuwa linakunjika, na mama alikuwa akitembea kutoka chumbani hadi jikoni bila fimbo. Celestine alisoma barua kwa sauti. Makhanu alisimama nje ya mlango, mama ameketi ndani. Kampuni iliomba radhi kwa maandishi. Ilisema mashine mbovu zimebadilishwa. Tena, mtandao ukipotea, mfanyakazi sasa lazima apigie ofisi simu kabla ya kufunga gari lolote. Na hesabu ile ya jioni imeondolewa.

Celestine aliinua macho kutoka kwenye barua.

"Celestine," mama alisema, "mwambie mkwe wangu ameandika vizuri."

"Amesikia, mama. Ako hapo mlangoni."

"Mwambie."

Celestine alikunja barua. Alitoka hadi pale mlangoni, akasimama mbele ya mumewe, akamwambia.