Vichupa Sita vya Seli

Vichupa sita vya seli za saratani viliibwa maabarani Jumatano asubuhi, na kufika saa nne mwizi alikuwa keshapatikana. Ndivyo alivyosema Profesa, na Profesa hakuwa mtu wa kubishiwa. Wanafunzi walimpachika jina la Mimi, maana hakuna sentensi aliyoweza kuianza kwa neno jingine.

"Mimi niliamuru makabati yapekuliwe," alimwambia Inspekta. "Mimi ndiye niliyevikuta. Kabati la fundi wangu wa maabara. Vitupu, vinanuka klorini! Kazi ya miaka sita!"

Fundi alikaa kwenye kigoda, pingu mikononi, macho mekundu. Profesa hakumtazama hata mara moja. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa bandeji.

"Umeumia?" Inspekta aliuliza.

"Chai ya moto. Si muhimu."

"Seli hizi zina nini hasa?"

Profesa alishusha pumzi, kama mtu aliyetakiwa kumsomea ng'ombe gazeti.

"Kila seli ina protini ya kuzuia uvimbe. Mlinzi, tuseme. Ishara ya kugawanyika ikija ovyo, mlinzi anasema acha. Sasa, ndani ya saratani kuna seli shina, chache, zinazojificha. Tiba ikipita, hizo ndizo zinazootesha uvimbe upya. Mimi niligundua kwamba zimempoteza mlinzi. Dawa yangu inamrudisha. Umeelewa, au nirudie polepole?"

"Nimeelewa," alisema Inspekta. "Tupishe kidogo."

Mlango ulipofungwa, Inspekta alivuta kiti.

"Uliiba?"

"Sikuiba, afande."

"Mligombana?"

Fundi alitupia jicho mlango.

"Sema, bwana. Ukinyamaza unalala mahabusu."

"Wiki iliyopita nilipitiwa, sikutia dawa kwenye sahani moja ya seli. Nilipopima, mlinzi alikuwepo. Bila dawa, afande!"

"Maana yake?"

"Hizo si seli za mgonjwa wetu. Seli nyingine ziliingia zamani, zikaongezeka mpaka zikazimaliza zetu. Mlinzi hakupotea hata siku moja. Dawa hairudishi kitu. Nikamwambia, akaniambia nifunge bakuli langu. Nikasema Jumatano nazipeleka maabara nyingine zikapimwe vinasaba."

"Mbona uling'ang'ania hivyo?"



"Wanawake arobaini wanameza dawa hiyo. Mmoja ni mama yangu mdogo, ndiye aliyenilea. Mimi ndiye niliyembembeleza aache tiba ya hospitali."

Inspekta aliutazama mtungi wa naitrojeni ya kugandishia seli pale pembeni.

"Vichupa unavitoaje humo?"

"Kwa glavu nene. Kikapu chake ni cha chuma. Ukikishika mkono mtupu, kwa ile baridi ngozi inabaki huko."

"Na Profesa huvitoa mwenyewe?"

"Profesa?" Fundi nusura acheke. "Huyo hata taa humwita mtu aje kumwashia."

Inspekta alivaa glavu, akakivuta kikapu. Mvuke ulitanda. Kwenye chuma, paliganda vipande vitatu vya ngozi, vimehifadhiwa vizuri kuliko nyama ya buchani. Askari wa uchunguzi alivibandua kwa kibano na kuvitia kwenye mfuko wa vielelezo. Profesa aliitwa.

"Fungua bandeji."

"Mimi nitampigia mkuu wa chuo sasa hivi!"

"Mpigie. Tumia mkono wa kushoto."

Bandeji ilitoka. Ncha za vidole vitatu zilikuwa zimechunika.

"Chai gani hii inayochagua ncha za vidole na kuacha kiganja?" Inspekta aliuliza. "Ngozi yako tunayo. Kipimo cha vinasaba ni siku chache tu. Unasema au tusubiri?"

Loo, bingwa wa saratani akakaa chini puu! Miaka sita kaongoza maabara, na hakujua kinachojulikana na kila anayefagia humo.

"Jumamosi hii nilikuwa nivishwe nishani," alisema. "Wageni wameshaalikwa. Nisimame niseme nini? Kwamba mtu wa kidato cha nne kanikosoa?"

"Kwa hiyo ukaziua seli, ukambambikia kesi."

"Angepata kazi kwingine."

"Na wanawake walioacha tiba kwa ajili yako?"

"Ni arobaini tu, Inspekta."

Yule askari wa uchunguzi alitema mate dirishani. Inspekta alimvua fundi pingu na kumfunga nazo Profesa.

"Naomba koti la kuzifunika," Profesa alinong'ona. "Wanafunzi wako nje."

"Ni wachache tu. Tembea!"

Fundi hakusubiri kuona. Alikwisha kupiga simu.

"Mama mdogo, zile dawa usizimeze tena. Rudi hospitali leo hii. Nilikosea, mama, hazisaidii kitu."

 Upande wa pili sauti ya mwanamke ikaja, ya upole, na Inspekta aliisikia kutoka mlangoni.

"Najua, mwanangu. Uvimbe umerudi tangu mwezi uliopita. Nilinyamaza nisije nikakuharibia kazi."