Kamba Namba Nne

"Tumempata!" Hector alipiga kelele simuni hadi kikombe changu kikatetemeka. "Shemeji, weka sauti kubwa, na huyo mzee wako asikie!"

Mke wangu Netta alikuwa ameshaweka. Simu ilikuwa mezani, katikati ya orodha ya wageni wa sherehe yetu ya Jumamosi. Miaka hamsini ya ndoa. Ukumbi wa klabu tumeshaulipia, keki imeshaagizwa.

"Mmempata nani, Hector?"

"Majaribio! Yule wa Februari sabini na nne! Tunamtafuta miaka yote hii, kumbe yuko hapahapa Kilbrannoch, anakunywa bia zetu!"

Kijiko kilinitoka mkononi.

Hector ni tarishi mstaafu, na tangu astaafu anaandika kitabu cha historia ya klabu yetu. Ameanzia kwa wafuma kitani wa mwaka 1889, waliosimamisha magoli kwa mbao za mashine mbovu za kiwandani. Amemweka Dod Rennie, kipa aliyevuta sigara nyuma ya goli mpira ukiwa upande wa pili, na beki Eck Lorimer, aliyemwachia kocha meno yake ya bandia kabla ya kila mechi. Kila mchezaji kampata isipokuwa mmoja. Zamani, klabu ikimjaribu mtu, jina lake halikuandikwa, wengine wasije wakamnyakua. Liliandikwa neno moja tu: Majaribio. Na Jumatano moja mwaka 1974 huyo Majaribio alifunga magoli mawili, kisha akapotea kama aliyemezwa na ardhi.

"Sema basi, ni nani?" Netta akauliza. Yeye ndiye mtunzaji wa magazeti na karatasi za mechi alizoacha marehemu baba yake, na fumbo hili lilimnyima raha kuliko hata Hector.

"Sandy Mutch! Kaniambia mwenyewe jana baa. Jumamosi wakati wa mapumziko tunamwita katikati ya uwanja, tunampa jezi."

"Sandy Mutch?" nikaropoka. "Muongo mkubwa yule! Sandy hawezi kupiga hata kopo kwa mguu wa kushoto!"

Hector alicheka sana. Netta hakucheka.

"Hector, nitakupigia baadaye," akasema, akakata simu.

Alivua miwani, akaiweka juu ya orodha ya wageni.

"Drew."

"Naam."

"Nani kakwambia yale magoli yalifungwa kwa mguu wa kushoto?"

"Si... si iliandikwa gazetini."

"Gazeti ninalo mimi. Lina mstari mmoja: Kilbrannoch tatu, wageni mbili, wafungaji Lorimer na Majaribio, mawili. Mguu haukutajwa."

"Basi labda nilisikia baa."

"Kwa nani?"

"Netta, ni miaka hamsini, nitamkumbuka nani?"

"Ile ilikuwa tarehe ishirini Februari," akasema taratibu. "Siku tuliyomzika baba. Ulikuwa wapi siku ile?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Najua ulichoniambia."

Mtu mwenye haki angekuwa ameshafoka. Mimi nilitazama chai.

Kwetu jeneza hushushwa kaburini kwa kamba nane, na kila kamba ina mwenyewe. Wiki ya msiba unapewa kadi ndogo: jina lako, namba yako. Mtu hajipangii, huchaguliwa. Baba yake Netta, mzee Geddes, aliandika orodha yake mwenyewe akiwa kitandani, na namba nne akaniandika mimi, kijana fundi bomba niliyekuwa nimemchumbia binti yake miezi mitatu tu. Aliniweka mbele ya mdogo wake wa damu.

Sikufika. Namba nne ilishikwa na dereva wa gari la maiti.

Nilifika kwao Auchterlin saa kumi na mbili jioni, nachechemea, soksi imelowa damu. Nikasema basi liliharibika kule mlimani, nikatembea kwa miguu maili kumi na moja. Netta akaniamini. Sio kuniamini tu, aliigeuza hadithi. Harusi ya kila mtoto wetu, ubatizo wa kila mjukuu, lazima aisimulie: "Babu yenu alitembea milima mizima kwa ajili yangu, mguu ukivuja damu." Watu wanapiga makofi. Mimi nainama, wanadhani ni unyenyekevu.

"Drew, nitakuuliza mara moja tu. Ulikuwa uwanjani?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na uzoefu wa nusu karne. Lakini aliniuliza huku ameishika ile orodha ya wageni kwa mikono miwili, na nikashindwa.

"Ndiyo."

Aliiweka ile orodha mezani.

"Kocha alinipigia simu Jumanne, usiku wa kuamkia mazishi. Umeme ulikuwa wa mgao, taa za uwanja zimepigwa marufuku, mechi ikawekwa saa saba mchana. Akasema njoo kesho au usije tena. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, Netta. Nikajiambia nitacheza kipindi cha kwanza, nitawahi."

"Kipindi cha kwanza."

"Ndiyo."

"Magoli ulifunga dakika ya ngapi?"

"La kwanza dakika ya..."

"La pili, Drew."

"Ya themanini na tatu."

Akatikisa kichwa kama mtu anayejumlisha hesabu nyepesi.

"Mazishi yalikuwa saa nane na nusu. Baba anashushwa, wewe unashangilia."

"Sikushangilia! Naapa, sikushangilia. Na nilijiambia mzee mwenyewe alipenda mpira, angekuwepo angesema nenda kacheze..."

"Koma!" Alipiga meza. Sijawahi kumsikia hivyo. "Usimsingizie baba yangu! Alikuandika kwenye kadi. Angetaka ucheze mpira angekuandika kwenye kikosi!"

"Nisamehe."

"Na mguu? Ile damu?"

"Beki alinikanyaga. Lakini kutembea nilitembea kweli. Mechi ilipoisha hapakuwa na basi, nikatembea maili zote, naapa."

"Kwa hiyo ukweli wako ni miguu tu." Machozi yalianza kumtoka, na hakuyafuta. "Unakumbuka nilifanya nini ulipofika? Nyumba ina mshumaa mmoja. Mama analia chumbani. Wanawake hatukwenda kaburini siku zile, nilibaki nakata mikate, wala sijaona baba anavyowekwa. Nikachemsha maji jikoni. Nikapiga magoti, nikakuosha mguu kwenye beseni. Siku niliyomzika baba yangu, Drew! Nilikuwa naosha mguu wa mpira!"

Hata leo nikiandika haya, nikifika kwenye beseni nasimama.

"Na ungekufa nalo," akasema. "Umenitazama nikiisimulia miaka hamsini, unakula keki. Leo umesema kwa sababu gani? Dhamiri imekusuta?"

Nilitaka kusema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Ni Sandy Mutch. Sikuvumilia achukue magoli yangu."

"Angalau hilo ni kweli," akasema, akainuka. Baada ya robo saa nilisikia gari likitoka. Alikwenda Arbroath, kwa dada yake.

Jumatano nilimwandikia: "Netta, rudi tuzungumze. Sherehe je?"

Hakujibu.

Alhamisi nikaandika: "Niwaambie watoto nini?"

Akajibu saa tano asubuhi: "Waambie ukweli, kama unajua unavyoanza."

Sikuwaambia. Mwoga ni mwoga hata akiwa na miaka sabini na moja. Binti yetu alipopiga kuuliza rangi ya vitambaa vya meza, nilisema mama kaenda kumsalimia dada yake.

Ijumaa Hector alikuja mwenyewe, kavaa ile skafu yake iliyoliwa na nondo.

"Kitabu kinakwenda kiwanda cha uchapaji leo jioni," akasema mlangoni. "Sandy nimemtolea karatasi za mechi, akaanza kubabaika. Anasema eti labda ilikuwa mwaka mwingine. Drew, ni wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Nimekufahamu toka tuko darasa moja. Mimi ni tarishi, si mjinga. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Hector akakaa kwenye ngazi, macho yamelowa. "Jamani! Lile la pili, Drew! Nilikuwa nyuma ya goli, na pai mkononi. Mvua ya barafu, hatukuona sura ya mtu, wote mmejaa matope. Krosi imetoka kulia, ukaigonga kabla haijagusa ardhi. Pai yangu ilianguka nikaikanyaga. Kwa nini hawakukusajili?"

"Kocha aliniita Ijumaa yake. Akasema mguu mzuri, mbio hakuna."

"Basi nakuandika. Kwa jina kamili: Andrew Haddow, mabano, mawili. Mtu wangu, utakuwemo milele!"

Niwe mkweli. Moyo uliruka. Mke wangu ameondoka nyumbani kwa sababu yangu, na moyo wangu bado uliruka kusikia jina langu na ile namba mbili.

"Muulize kwanza Netta," nikasema.

Hector alikohoa, akatazama kofia yake. "Nimeshampigia."

"Kasema nini?"

"Kasema, 'Siku ile alichagua kutokuwa na jina. Muache hivyohivyo.'"

Nilishika mlango. Nilidhani ningekasirika, lakini niliona haya tu.

"Andika Majaribio," nikamwambia.

"Una uhakika?"

"Andika, Hector, kabla sijabadilika."

Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na asubuhi ya Jumamosi, saa moja kamili, simu ikalia. Ujumbe:

"Makaburi ya Auchterlin. Saa nane na nusu. Usipande basi."

Nikavaa suti niliyokuwa nimeiandaa kwa sherehe, viatu vyeusi, nikatoka. Maili kumi na moja. Nilipopita uwanjani walikuwa wanafungua mageti na kibanda cha pai kinatoa moshi. Mtu mmoja aliniita, "Drew, huangalii mechi leo?" Nikapunga mkono nikaendelea. Kule mlimani kisigino kiliachia ngozi. Mabasi mawili yalinipita, yote mazima.

Netta alikuwa getini, koti jeusi, chupa ya chai kwapani. Alitazama saa.

"Dakika nne kabla," akasema. "Afadhali."

Tulitembea bila kushikana hadi kwenye kaburi la mzee Geddes. Akafungua pochi, akatoa bahasha, na ndani yake kadi ndogo yenye ukingo mweusi, imekuwa ya njano. Namba 4. Bwana Andrew Haddow. Sikujua kwamba alikuwa nayo.

"Uliisahau mfukoni mwa koti ulilokuja nalo siku ile," akasema. "Niliitunza kwa sababu nilikuonea huruma. Nilidhani umeumia kuikosa. Shika."

Nikashika.

"Sasa mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Drew, usinichoshe. Mwambie ulikuwa wapi."

Nilipiga magoti kwenye majani mabichi. Goti lilikataa, nikalilazimisha. "Mzee," nikasema, "uliniita nikushike. Nikaenda kucheza mpira." Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini hayo ndiyo yaliyokuwepo, na nilipoyamaliza nililia kama mtoto. Kwa upepo ule, toka mbali, nilidhani nasikia uwanja ukipiga kelele. Labda si kweli. Maili kumi na moja ni mbali.

Netta aliniacha nilie hadi nikachoka. Kisha akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.

"Vua kiatu," akasema.

Nikavua. Soksi ilikuwa na damu kisiginoni.

Aliinama akaitazama, akanyanyuka. "Leo utajiosha mwenyewe. Beseni liko palepale."

"Kwa hiyo narudi nyumbani?"

"Nimesema beseni liko palepale. Panda gari."

Garini, tulipouona mnara wa kanisa la Kilbrannoch, alipunguza mwendo.

"Sijakusamehe," akasema, macho barabarani. "Labda Krismasi. Labda ile ya mwakani."

"Nitasubiri."

"Utasubiri ndiyo. Una kazi nyingine?" Kisha akavuta pumzi. "Na jioni, wakiomba ile hadithi, mimi siisimulii. Nimestaafu. Utaisimulia wewe."

"Mbele ya wajukuu, Netta?"

"Mbele ya wajukuu. Mbele ya Hector. Na Sandy Mutch kaalikwa."

Saa moja jioni ukumbi ulijaa. Keki ilikatwa, Hector akagawa nakala chache alizowahi kuchapa mwenyewe. Nilifungua ukurasa wa mwaka sabini na nne, nikaona Majaribio (2), nikafunga. Halafu binti yetu akagonga glasi kwa kijiko. "Mama! Hadithi ya babu na basi!" Watoto wakadakia, "Babu na basi! Babu na basi!"

Netta aliweka mikono mapajani, akanigeukia.

Kadi ilikuwa mfukoni. Nilisimama, mguu unawaka moto, nikawatazama wote, mwisho nikamtazama yeye.

"Lile basi," nikasema, "halikuharibika."